Baba hakuitwa S.O.: Naomba rekodi ya nishani za marehemu isahihishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenihangaisha kwa miaka sita sasa, nikiamini kwamba zipo familia nyingine katika Nyanda za Juu Kusini zinazohangaika nalo, au ambazo zingehangaika nalo kama zingejua kwamba lipo. Marehemu baba yangu, aliyefariki mwaka 1987 na kuzikwa hapa Rungwe, alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na alipigana Burma, ambayo leo ni Myanmar. Rekodi rasmi ya nishani zake inasema kwamba hakufika huko. Ombi langu ni kwamba rekodi hiyo isahihishwe. Sidai pensheni, sidai fidia, wala sina ugomvi na mtu.

Nianze na kile nilicho nacho mkononi, kwa kuwa katika mambo ya aina hii simulizi peke yake haina uzito. Katika sanduku la bati ambalo mama alilitunza uvunguni mwa kitanda hadi alipofariki, tulikuta kitabu kidogo cha kuachishwa jeshi, ambacho baba mwenyewe alikiita kipande, kikiwa kimeviringishwa ndani ya kaniki. Anayeijua mvua ya Tukuyu hatashangaa kusikia kwamba kurasa mbili za mwisho zimegandana kwa unyevu na haziwezi kufunguliwa bila kuchanika. Kurasa zinazosomeka zina namba yake ya askari, cheo cha koplo, kabila, wilaya, jina la chifu wake, mwaka wa kuandikishwa ambao ni 1942, mwaka wa kuachishwa ambao ni 1946, alama ya dole gumba, na kikosi chake, 36 KAR. Chini ya ukurasa wa tatu, kwa wino uliofifia hadi ukawa na rangi ya chai, afisa fulani ameandika kwa ufupisho nishani tatu: Nyota ya 1939–1945, Nyota ya Burma na Nishani ya Vita.

Pamoja na kitabu hicho mlikuwa na utepe wenye urefu usiozidi kidole. Una mstari mpana mwekundu katikati, bluu iliyokolea pande zote mbili, na ndani ya kila bluu unapita mstari wa rangi ya chungwa. Huo ndio utepe wa Nyota ya Burma, na haufanani na mwingine wowote wa vita ile. Nyota yenyewe, ile ya ncha sita yenye herufi za Mfalme George wa Sita na taji juu yake, hatukuikuta kwa sababu haikuwahi kufika. Baba alisimulia kwamba alirudi nyumbani na tepe tu, akaambiwa nyota zingefuata kupitia bomani. Akaenda kuziulizia mara mbili, na safari ya tatu akaghairi njiani. Alimwambia mama kwamba alianza kuonekana kama mtu anayekwenda kuomba.

Mwaka 2019, baada ya kustaafu ualimu na kupata muda, niliiandikia ofisi moja yenye dhamana ya kumbukumbu za askari hao. Sitaitaja, kwa kuwa sidhani kosa hili lilitendwa na watu waliomo ndani yake leo. Jibu lilichukua miezi 14. Lilikuwa barua ya ukurasa mmoja, yenye adabu kamili, iliyonieleza kwamba askari niliyemtaja amepatikana, kwamba jina lake ni lile la ubatizo la baba likifuatiwa na herufi S.O. na jina jingine, kwamba alikuwa askari wa kawaida katika kikosi cha kazi huko Mashariki ya Kati, kwamba kwao ni Njombe, na kwamba anastahili Nishani ya Ulinzi na Nishani ya Vita, basi. Nyota ya Burma haikutajwa. Nilisoma barua hiyo nikiwa nimesimama kaunta ya posta, nikaisoma tena nimekaa.

Ilinichukua siku kadhaa kung'amua S.O. ni nani. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka jinsi makarani wa enzi ya mkoloni walivyoandika majina yetu: jina la mtu, kisha s na o zikitenganishwa na mkwaju, kisha jina la baba yake. Herufi zile zilikuwa na maana ya "mtoto wa". Katika kipande cha baba zimeandikwa hivyo hivyo, s/o, kwa mwandiko mzuri wa kulala. Mahali fulani, mwaka fulani, mtu aliyekuwa akinakili orodha aliuona mkwaju ule akadhani ni doa, au hakuuona kabisa, na kiunganishi kikageuka kuwa herufi za kwanza za majina mawili ambayo hayapo. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Jina la ukoo wetu linaanza na Mwa, kama yalivyo majina mengi ya Wanyakyusa, na mnakili huyo huyo, au mwenzake, aliliacha Mwa nje akaandika kilichobaki. Kilichobaki kinafanana sana na jina la kawaida la upande wa Njombe. Ukiongeza kwamba namba za askari hao wawili zinatofautiana kwa tarakimu moja tu, 1 ya mmoja na 7 ya mwingine, utaona jinsi koplo wa Rungwe aliyebeba bunduki alivyomezwa na mtu mwingine ambaye hakuwahi kukutana naye.

Huenda msomaji akauliza kwa nini nisiridhike na utepe nilio nao. Sababu ni kwamba nishani za vita ile, zile walizopewa askari wote waliotumikia eneo fulani, zilitolewa bila kuchongwa jina. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa tofauti: mwenye nishani ya babu yake ya KAR ya wakati ule akiigeuza ukingoni ataona namba, cheo na jina vimechongwa pale. Za vita ya pili ni tupu. Nyota ya Burma iliyo sokoni, iliyo makumbusho na iliyo katika sanduku la marehemu zote ni sawa. Kinachosema kwamba hii ni ya fulani ni karatasi peke yake. Karatasi ikikosea, nyota haina mwenyewe.

Tofauti kati ya nishani hizi nayo si ya mapambo. Nishani ya Vita ilitolewa kwa yeyote aliyetumikia siku 28 katika jeshi, popote alipokuwa. Nishani ya Ulinzi ilikuwa, kwa askari wetu wengi, ya utumishi mrefu ng'ambo nyuma ya mstari wa mapambano. Nyota ya Burma ilimhitaji askari wa nchi kavu awe ameingia katika eneo la vita la Burma, hata kama ni kwa siku moja. Kumwandikia mtu Nishani ya Ulinzi na kumnyima Nyota ya Burma ni kutamka kwamba hakukanyaga ardhi ile.

Na baba aliikanyaga. Historia ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki inajulikana na haihitaji ushahidi wangu. Divisheni hiyo, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilikuwa na vikosi kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo), Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na Tanganyika, na vya kwetu vilikuwa 26 KAR na 36 KAR. Ikiwa sehemu ya Jeshi la 14 la Jenerali William Slim, ilishuka Bonde la Kabaw kutoka Tamu mwaka 1944, katikati ya masika ya kule, ikiwafukuza Wajapani katika matope na malaria, ikafika Kalemyo mwezi Novemba na kuitwaa Kalewa kwenye Mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Hapo wahandisi wakatandaza daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154, yaani takriban mita 350, ambalo wakati huo lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani. Baba hakujua futi. Alichokuwa akisema, na alikisema tangu mimi ni mtoto mdogo tukichuma chai, ni kwamba daraja lile lilikuwa linapumua: kila lori lilipopita, chuma kilizama kidogo kisha kikainuka, na ukiwa umelala ukingoni usiku uliweza kuhesabu malori kwa kusikiliza. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba daraja la Kalewa lilikuwa la kuelea. Mtu aliyekuwa akipakua magunia Misri asingeyajua hayo.

Nasema hivyo bila kuwadharau wa vikosi vya kazi. Nitarudi kwao.

Nilipoandika mara ya pili kueleza kosa, nilijibiwa kwamba shauri linaweza kuangaliwa upya endapo litaletwa na mrithi halali, akiwa na cheti cha kifo na uthibitisho wa mirathi. Ni haki yao kuuliza. Lakini baba alifia nyumbani, mwaka 1987, kijijini, na hakuna aliyefikiria cheti. Ikabidi nianze kwa mtendaji wa kijiji kupata barua, nitafute wazee wawili waliokuwapo mazikoni, nisajili kifo miaka zaidi ya 30 baada ya kutokea, kisha tuitishe kikao cha ukoo na kuandika muhtasari wa kuniteua msimamizi wa mirathi, ndipo niende Mahakama ya Mwanzo. Hakimu, mama mmoja mwenye subira, aliuliza marehemu ameacha mali gani. Nikajibu: nyota moja, mheshimiwa, na haijaletwa. Mahakama ilicheka, na yeye akacheka, kisha akaandika. Nikaongeza hati ya kiapo kwamba mwenye jina lililo kwenye cheti cha kifo na mwenye jina lililo kwenye kipande ni mtu mmoja. Vyote hivyo nilivipeleka. Jibu la mwaka jana linasema kwamba kiapo kilichotolewa na mtoto hakitoshi kuirekebisha rekodi ya wakati ule, na kwamba mambo haya ni ya zamani sana.

Kwa hilo la uzamani, naomba kutofautiana nao kwa heshima. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndani ya miezi 6. Fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954. Hakuna Mhehe aliyesema lirudishwe lilikotoka kwa sababu limechelewa miaka 35. Hata ndani ya KAR yenyewe, Sajini Nigel Leakey wa batalioni ya kwanza ya 6 KAR, kikosi cha Tanganyika, aliuawa katika mapigano ya Colito nchini Ethiopia tarehe 19 Mei 1941, na Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kupita zote za Uingereza, alitangaziwa Novemba 1945, vita ikiwa imekwisha. Kambi ya jeshi ya Dar es Salaam ikapewa jina la Colito, na baada ya maasi ya Januari 1964 jina hilo likafutwa, ikaitwa Lugalo, kukumbuka mahali pale Iringa ambapo Wahehe waliliangamiza jeshi la Wajerumani la Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Nakubaliana na badiliko hilo kwa moyo wote. Ila nadhani hapo ndipo na keya wetu walipoanza kusahaulika, kwa sababu walipigana chini ya bendera isiyo yetu, na serikali mbili zikawaachiana: ile iliyowatuma iliondoka, na iliyobaki haikuwatuma.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza makumi ya maelfu ya askari na wapagazi, wakiwamo wa Afrika Mashariki, hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao wa Ulaya, na kwamba wengine wasiopungua 116,000 huenda hawakuandikwa majina kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Kama majina ya vita ya 1914 yanaweza kutafutwa leo, mkwaju mmoja wa mwaka 1946 unaweza kurudishwa mahali pake.

Ninachoomba, basi, kwanza ni kwamba wenye rekodi walinganishe kipande cha baba na kadi ya askari waliyo nayo ofisini, badala ya kulinganisha kadi hiyo na barua yao wenyewe. Kipande kina jina la chifu. Vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza, ambavyo vimo katika nyaraka za taifa Dar es Salaam, vinaorodhesha machifu wa kila wilaya, na chifu aliyetajwa kwenye kipande ni wa Rungwe na hakuwahi kuwa wa Njombe. Huo ni ushahidi wa karatasi ya serikali dhidi ya karatasi ya serikali, na haumhitaji mtoto wa marehemu kuapa chochote. Kipande kina pia alama ya dole gumba, na kama kadi nayo inayo, shauri linaweza kumalizika asubuhi moja.

Pili, naiomba serikali yetu, kupitia wizara yenye dhamana ya ulinzi na idara inayosimamia nyaraka chini ya sheria ya mwaka 2002, iwe na dawati moja la kupokea maombi ya familia za keya na kuyapeleka mbele kwa sauti ya nchi. Barua ya mwalimu mstaafu wa Tukuyu hujibiwa baada ya miezi 14. Sidhani barua yenye nembo ya Bibi na Bwana ingesubiri hivyo. Walio hai kati ya askari wale, kama bado wapo, ni wazee wa karibu miaka mia moja au zaidi, kwa hiyo dawati hilo halitakuwa na gharama ya kutisha. Kazi yake kubwa itakuwa ni kusoma majina ya Kiafrika kwa jicho la anayeyajua, ajue kwamba Mwa si kosa la uchapaji.

Kwa familia zenye vipande kama hivi, nina neno la uzoefu. Msihangaike kutafuta Nyota ya Burma ya mzee wenu katika gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, kwani humo huchapishwa nishani za ushujaa, wala si hizi za utumishi. Nilipoteza miezi mitatu kwa kutolijua hilo. Shajara za vikosi zilizoko katika nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, London, zinaeleza batalioni ilikuwa wapi siku gani, lakini kwa kawaida zinataja maofisa, na askari wetu hutajwa kwa hesabu. Jina la askari liko kwenye kipande chake. Kipigeni picha kila ukurasa kabla masika hayajaingia, na msikibandike plastiki ya moto, maana nimeona kimoja Kiwira ambacho wino wote ulihamia kwenye plastiki.

Sasa nirudi kwa yule mwingine. Mahali fulani Njombe, au Makete, au Ludewa, kuna familia ambayo mzee wao alikuwa katika kikosi cha kazi, alitumikia Mashariki ya Kati, na ana jina la ubatizo sawa na la baba yangu. Nishani ya Ulinzi ni jasho lake, na kwa miaka yote hii imeandikwa katika rekodi iliyochanganywa na ya mtu wa Rungwe. Inawezekana nao waliwahi kuandika wakajibiwa kwamba askari wao ni mwingine. Ofisi ile ilikuwa tayari kunitumia Nishani ya Ulinzi na Nishani ya Vita kwa anwani yangu, na nimezikataa kwa maandishi, kwa sababu moja kati ya hizo mbili si yetu. Ikiwa familia hiyo inasoma gazeti hili, naomba iwasiliane nami kupitia kwako, Ndugu Mhariri, ikiwa na kipande chake au hata namba ya askari peke yake. Namba yao ina 7 mahali ambapo ya kwetu ina 1. Tukiziweka mezani kwa pamoja, zikiwa kwenye barua moja yenye sahihi mbili, nafikiri itakuwa vigumu kutujibu kwamba sisi ni mtu mmoja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Mbeya